Mkanda wa Bibie

Mwanamke aliyemkosesha Mama Pacha raha alikuwa amekufa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na hapo ndipo palipomuuma zaidi. Mke mwenza aliye hai unaweza kukutana naye sokoni ukamtazama juu mpaka chini, ukarudi nyumbani umeridhika kwamba ana miguu kama vijiti. Unaweza kumsema kwa mashoga zako, naye akakusema kwa wa kwake, na maisha yakaenda. Huyu wa Mama Pacha hakuwa na miguu ya kusemwa, kwa sababu hata mifupa yenyewe ilibaki nusu. Alichokuwa nacho ni mkanda wa shanga, na mume wa Mama Pacha.

Mume huyo alikuwa fundi katika makumbusho. Sikusema mtaalamu. Wataalamu ni wale wenye shahada ukutani na viti vya kuzunguka. Yeye, kikija chungu kimevunjika vipande arobaini, anapelekewa. Ikija hereni ya shaba imeota kutu ya kijani, anapelekewa. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiunga, akisugua na kutunga, halafu ikifika siku ya kufungua maonyesho mtaalamu anasimama mbele kuzungumza, na fundi anasimama nyuma karibu na mlango ameshika kitambaa cha kufutia vioo. Hakulalamika hata siku moja. Alikuwa mtu mpole, mwenye kicheko cha mashavuni, na Mama Pacha alimpenda hivyo hivyo alivyo, ingawa kumwambia aliona haya, maana pacha wao walishafika umri wa kunyoa ndevu na walikuwa wakisoma shule ya bweni.

Basi mwaka huo wachimbaji walileta kaburi. Lilikuja bonge zima la udongo ndani ya sanduku, na ndani ya udongo kulikuwa na shanga elfu moja mia moja na sita, za maganda ya kombe, za mfupa, za jiwe jekundu na za shaba, zimelala kiunoni mwa mwanamke kama alivyozikwa nazo. Wenye shahada walieleza kwamba watu wa enzi hizo hawakuvaa mapambo kwa kupendeza tu. Ulichovaa ndicho kilichokutambulisha: umeolewa au bado, umezaa au hujazaa, ukifungua mdomo watu wananyamaza au wanaendelea na soga zao. Mkanda wenye shanga nyingi kiasi hicho, walisema, ulikuwa wa mtu mkubwa hasa. Wakampa fundi kazi ya kuurudisha kama ulivyokuwa.

Jioni ya kwanza alirudi nyumbani macho yanang'aa.

"Leo Bibie amenitoa jasho," alisema akivuta kiti.

"Bibie gani tena?"

"Yule wa kaburini. Ndivyo tunavyomwita kazini."

Mama Pacha alicheka. Alicheka na kesho yake. Ilipofika wiki ya tatu hakucheka tena, kwa sababu hapakuwa na chakula kilicholiwa mezani pale bila Bibie kukaribishwa. Bibie alipenda kombe nyeupe karibu na kitovu. Bibie alikuwa na jiwe jekundu moja lililopasuka, na hakulitupa, alilifunga na uzi. Ungedhani mwanamke yupo chumba cha pili anachana nywele.

"Yule hakuwa mtu wa kuazima vitu," fundi alisema siku moja, kijiko kimesimama hewani. "Kila shanga aliipata mwenyewe, kwa jambo alilolifanya. Jambo moja, shanga moja."

"Wewe umejuaje? Alikuambia?"

"Shanga zinasema, mke wangu."

"Mbona zangu hazisemi?" Mama Pacha alijishika shingoni, penye shanga za buluu alizovaa tangu siku ya harusi.

Mume wake aliziangalia kwa makini, kama mtu aliyeulizwa swali la kazi. "Hizo ni za plastiki," akasema, na akaendelea kula.

"Na nani aliyezinunua?"

Hakusikia. Alikuwa ameshamrudia Bibie.

Tuseme ukweli, ulikuwa wivu. Mama Pacha mwenyewe hakuuita hivyo. Aliuita uchovu, mara joto, mara kiungulia. Lakini mtu akikaa mbele ya cherehani na kushona mkono wa gauni mahali pa shingo, wakati hajakosea mshono tangu alipoanza ufundi, hicho si kiungulia. Alikuwa fundi cherehani wa kuheshimika, chumba cha mbele cha nyumba ndicho kilikuwa duka lake, na vipimo vya wanawake wa mtaa mzima alikuwa navyo kichwani. Angeweza kukutajia kiuno cha mke wa mwokaji mikate bila kufungua daftari.

Kwa hiyo fundi alipomwambia kwamba amempima Bibie kwa hesabu ya shanga, na kiuno chake ni inchi ishirini na sita, hilo lilimfika penyewe.

"Maiti yoyote hukonda," alijibu.

Kesho yake asubuhi, kabla hajafungua duka, alijipima mbele ya kioo cha wateja. Thelathini na saba. Akavuta pumzi ndani, akajipima tena. Thelathini na sita na nusu. Akaiviringisha futi yake ya kupimia na kuitupa kwenye kikapu cha vitambaa, na mteja wa kwanza siku hiyo alijibiwa vibaya bila kosa lolote.

Mwezi wa sita fundi alikuja na habari. Hata viatu hakuvua.

"Mkurugenzi amekubali," alisema. "Siku ya kufungua, atakayesimama kueleza ni mimi. Mimi, Mama Pacha! Mbele ya watu. Amesema mkanda huu hakuna anayeujua kama mimi, kwa hiyo niseme mwenyewe."

Mama Pacha aliacha cherehani, akainuka, akamshika mikono yote miwili. Siku hiyo alifurahi kweli, na msomaji asije akamfikiria vibaya. Alijua ile nafasi ya mlangoni ilikuwa imemla mume wake taratibu. Miaka yote hiyo alitamani amwone amesimama mbele.

"Sasa nahitaji kitu cha kuuvalisha," fundi aliendelea. "Ile sanamu yako ya kupimia nguo, ile ya zamani hapo pembeni, siku hizi huitumii, au?"

Sanamu hiyo Mama Pacha aliitengeneza mwenyewe alipokuwa mwanafunzi wa ushonaji, msichana wa miaka ishirini na moja. Kitambaa kigumu kwa nje, maranda ya mbao kwa ndani, na vipimo vyote vilikuwa vya mwili wake wa wakati ule. Gauni lake la harusi alilishonea juu yake. Alisita kidogo tu, kisha akaifuta vumbi na kumpa. Kwa kuwa alikuwa na furaha, alijiambia kwamba siku ya maonyesho, watu wakimtazama Bibie, chini ya shanga atakuwepo yeye.

Wiki mbili baadaye fundi alisahau miwani nyumbani, na Mama Pacha akampelekea. Mlinzi wa makumbusho alimwongoza hadi karakana iliyo nyuma ya jengo, akamwambia mumewe ameitwa ofisini, angoje. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia ndani. Meza ndefu, taa nyeupe, trei zimetandikwa sponji, vibano vimepangwa kwa ukubwa, harufu ya spiriti. Pale mwisho wa meza ilisimama sanamu yake.

Ilikuwa imekatwa. Kiunoni, pande zote mbili, kitambaa kilifumuliwa, maranda yakatolewa, halafu kikashonwa tena kwa mishono mikubwa ya ovyo, ya mtu asiyejua sindano ya nguo. Mumewe alikuwa ameipunguza mpaka ifike inchi ishirini na sita. Mama Pacha alijikuta ameshika kiuno chake mwenyewe. Amenikata mimi, aliwaza, ili yule apate kuvaa. Machozi yalimlenga, na hasira ikayakausha kabla hayajashuka.

Juu ya mishono ile ya ovyo ulikaa mkanda. Aliusogelea kwa nia moja, kuuchukia, na mkanda ukamkatalia, maana ulikuwa mzuri. Kombe zilipangwa kama mtu aliyejua anachokifanya, jekundu likiingia kidogo kidogo, shaba ikifunga pembeni. Hapo ndipo chuki yake ilipokomaa, kwa sababu mwanamke mwenye vitu vibaya unaweza kumsamehe.

Lakini jicho la fundi cherehani halilali hata mwenyewe akiwa analia. Upande wa kushoto, karibu na nyonga, shanga zilikuwa nene. Zimelala safu mbili mbili, kwa upana wa viganja viwili. Na chini yake kilionekana kipande cha ngozi ambacho shaba ilikikinga kisioze. Mama Pacha aliinamisha kichwa. Kwenye ngozi kulikuwa na mistari miwili ya matundu ya sindano. Matundu ya mstari wa nje yalikuwa yamevutika, marefu, yamechoka, kama yanavyochoka kwenye nguo iliyovaliwa miaka na miaka. Matundu ya mstari wa ndani yalikuwa madogo na ya mviringo, karibu mapya. Akatazama tena ule unene. Akaelewa, na akacheka peke yake kwa sauti.

Mkanda ulikuwa umepunguzwa! Ulishonewa mwanamke mpana, akauvaa maisha yake yote, halafu mtu akaja akaukunja upande mmoja na kuushona upya umtoshe mwanamke mwembamba, na huyo mwembamba hakuuvaa sana. Kazi kama hiyo yeye aliifanya kila wiki: gauni la mama linaletwa lipunguzwe livaliwe na binti, la dada livaliwe na mdogo. Bibie, Bibie yule asiyeazima, alizikwa na vya mwenzake.

Mlango ukafunguliwa, mume wake akaingia, uso umejaa tabasamu.

"Ahsante, mke wangu. Umemwona?" Hakungoja jibu. Alimvuta hadi upande ule ule wa kushoto. "Tazama hapa. Safu mbili mbili. Hapa ndipo heshima yake yote ilipo. Watu wa kawaida walivaa safu moja, yeye mahali hapa anapanda kuwa mbili. Mkurugenzi ameandika maelezo yote ya kubandika kwenye kioo kuhusu hapa."

Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Mama Pacha alinyoosha kidole amwonyeshe yale matundu, na mumewe akaushika mkono wake hewani na kuurudisha chini, kwa upole kabisa.

"Mikono yako ina mafuta ya cherehani," alisema. "Bibie hapatani na mafuta."

Mama Pacha akalimeza lile neno. Alimpa miwani, akaaga, akatoka. Njia nzima alitembea haraka, na moyoni alikuwa na kitu chake, kitamu na kichungu, ambacho hakuna mwingine aliyekuwa nacho.

Wa kwanza kuambiwa alikuwa wifi yake, dada wa fundi, aliyekuja kupimwa gauni la siku ya maonyesho. Mama Pacha alimsimulia pini zikiwa mdomoni. Wifi alicheka mpaka pini mbili zikamchoma ubavuni.

"Yaani heshima yote ile ni pindo?"

"Pindo tu. Mtu hakutaka kukata."

Wifi alipomaliza kucheka alimwangalia kwenye kioo. "Sasa kaka anasemaje?"

"Hajui."

"Hujamwambia? Wifi! Jumamosi atasimama mbele ya watu!"

"Si yeye ndiye anayezungumza na shanga? Zimwambie."

"Unamkomoa nani lakini? Yule mwanamke ameshakufa."

"Ndicho ninachotaka," Mama Pacha alisema. "Ajue kwamba amekufa."

Wifi alitaka kusema mengi, na alisema baadhi, kwamba mwanaume akipata kung'ara siku moja katika maisha yake hafanyiwi hivyo, kwamba wivu wa aina hii hata mashoga hawaupokei. Alitishia kumwambia kaka yake yeye mwenyewe. Mama Pacha akamuuliza atamweleza nini hasa, na tangu lini amejua kutofautisha tundu jipya na tundu kuukuu. Pia akamkumbusha kwamba gauni bado halijatiwa mikono. Wifi akanywea.

Alhamisi jioni fundi alijisomea hotuba yake. Alimwomba mkewe amsikilize, mkewe akasema ana kazi za watu. Akaisomea kabati. Kupitia mlango wazi Mama Pacha alimsikia akisema mabibi na mabwana, akikohoa, akianza upya. Kisha alikuja akasimama kando ya cherehani, karatasi mkononi.

"Kuna kitu nataka nikuulize," alisema. "Kuhusu matundu kwenye ile ngozi. Nimeyachukulia kuwa ni marembo, lakini sina hakika. Wewe mtu wa sindano, labda..."

"Baadaye," Mama Pacha alisema, akakanyaga pedali. Cherehani ikaunguruma. "Gauni la dada yako hili."

Alisimama kidogo, akaitazama sindano inavyopanda na kushuka. Halafu akarudi kwenye kabati lake. Mama Pacha alishona mpaka kitambaa kikaisha chini ya sindano, na alijua wazi kwamba angeweza kuinuka, hatua sita tu, akamwambia. Aliwaza mishono ile ya ovyo kiunoni mwake. Hakuinuka.

Jumamosi asubuhi ukumbi ulijaa. Fundi alivaa suti aliyopigiwa pasi na mke wake mara mbili, maana kumuacha atoke na mikunjo hakuweza, wivu au si wivu. Alianza kwa sauti ya kutetemeka, ikatulia. Alifanya mzaha kuhusu shanga moja iliyomkimbia na kujificha ndani ya kiatu chake siku mbili, na ukumbi ukacheka. Hata mkurugenzi, mwanamama mkavu anayevaa miwani ya kamba, alicheka. Mama Pacha aliketi mstari wa tatu na kwa dakika chache alisahau kila kitu. Alimwona mumewe jinsi alivyokuwa kijana, na akataka kuwaambia waliokaa karibu naye kwamba huyu ni wake.

Kisha akafika kwenye shukrani. Alimshukuru mkurugenzi. Akawashukuru wachimbaji. Akamshukuru mlinzi, na dereva aliyelibeba sanduku bila kulitikisa. "Na zaidi ya wote," alisema, akiigeukia sanamu ndani ya kioo, "namshukuru Bibie mwenyewe, kwa kunivumilia miezi yote hii. Mwanamke aliyekuwa mtu kwa nguvu zake, bila kuvaa cha mwenzake."

Watu wakapiga makofi. Mama Pacha alikuwa amesimama.

"Mimi nina jambo," alisema.

Wifi alimvuta gauni kwa nyuma. Gauni likavutika, mwenyewe hakurudi.

"Mimi ni fundi cherehani. Hapo penye safu mbili si heshima. Hapo pamekunjwa. Huo mkanda ulikuwa wa mwanamke mnene, ukapunguzwa. Angalieni matundu: ya nje yamechoka, ya ndani mapya. Huyo mnayemsifu kavaa vya mwenzake." Akakaa. Kwa muda wa pumzi mbili aliona raha aliyoingoja miezi yote ile.

Mkurugenzi alikwenda kwenye kioo, akainama, akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Akamwita mchimbaji mmoja, naye akamwita mwingine. Fundi alikuwa amesimama pale pale pa kuhutubia, karatasi mkononi, anatafuta mstari aliokuwa ameufikia.

"Samahani, fundi," mkurugenzi alimwambia bila kumtazama, "hebu sogea kidogo."

Akasogea. Walimwita Mama Pacha mbele, na akaenda, maana angefanya nini? Kioo kilifunguliwa. Alionyesha, wakaandika. Alikuwa amedhani Bibie atanywea, atarudi kuwa mifupa nusu na shanga za kuazima. Mambo yakawa kinyume kabisa. Wataalamu walichangamka kama watoto. Kumbe wako wawili! Huyo wa kwanza ni nani, mama yake? Mama mkwe? Mke mkubwa? Ukiuvaa mkanda wake unakuwa yeye, unachukua nafasi yake mbele ya watu? Mkurugenzi alisema kwamba haya ni makubwa kuliko yote waliyokuwa nayo. Mtu wa gazeti alimpiga Mama Pacha picha mara nne, akamwambia atabasamu.

Alipopata nafasi ya kugeuka, alimtafuta mumewe kwa macho. Alikuwa nyuma, karibu na mlango. Mtu alikuwa amempa kitambaa, au alikuwa nacho mfukoni siku zote, na alikuwa anafuta kioo cha kabati lingine ambalo halikuwa na vumbi.

Nyumbani hakufoka. Laiti angefoka. Alivua suti, akaitundika vizuri, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya miwani."

"Nilikuja kukuuliza. Alhamisi."

"Najua."

"Basi kwa nini, Mama Pacha?"

Alikuwa na majibu mengi na yote yalionekana madogo sana mchana ule. "Hukunitaja," alisema mwishowe. "Umemshukuru mpaka dereva. Umeichana sanamu yangu, umenikata kiuno mimi, hukunitaja."

Fundi alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Wewe ni wa nyumbani," alisema. "Nani anasimama mbele ya watu akaushukuru mkono wake mwenyewe?" Kisha sauti ikapungua. "Miaka ishirini na miwili nimesimama mlangoni. Leo nimesimama mbele robo saa. Aliyeniondoa si mkurugenzi."

Mama Pacha aliomba msamaha, siku hiyo na siku nyingine. Fundi alisema yameisha. Na kweli hakuyataja tena. Hakutaja chochote. Aliomba kazini ahamishiwe kwenye vyungu, akahamishwa. Mezani alikula, akasema chakula kizuri, akauliza kama pacha wameandika barua. Jina la Bibie halikutamkwa tena nyumbani. Mama Pacha alikuwa amempata mumewe mzima, bila mwenza, na alikaa naye akisikiliza vijiko.

Mwezi uliofuata mkurugenzi alimtumia mlinzi. Walitaka awasaidie kuusoma mkanda, kila Alhamisi, kwa kuwa jicho kama lile hawakuwa nalo. Mama Pacha alimuuliza mume wake. "Nenda tu," alisema fundi, akichokonoa meno. Akaenda. Mara ya kwanza alikwenda kwa kujiona, tusimfichie. Mara ya pili alikwenda kwa sababu alitaka kujua jambo moja. Mara ya tano alisahau kula. Walimpa glavu nyembamba na lenzi, na akakaa na ile ngozi saa nzima, tundu kwa tundu, mpaka akaanza kumwona mtu: si mnene, si mwembamba, ila yule wa tatu ambaye hakuna aliyemfikiria, aliyeshika sindano. Alikuwa anashona kwa mkono wa kushoto. Alikuwa hodari. Na katika shanga elfu moja mia moja na sita hakuitoa hata moja. Alizikunja zote ndani.

Siku hiyo Mama Pacha alirudi nyumbani karibu akikimbia. Alipakua chakula bila kuvua kanga ya begani. Alikuwa ameelewa kwa nini hakukata, na jambo lenyewe lilimjaa mpaka kooni.

"Baba Pacha, hebu sikia. Yule aliyeupunguza hakukata kwa sababu alijua atakayefuata anaweza kuwa mpana tena. Aliacha nafasi! Wakamzika nao yule mwembamba kabla hajapatikana wa kufuata. Unaona? Halafu ni mtu wa mkono wa kushoto, nimehesabu..."

Fundi aliinua sahani yake taratibu. Uso wake ulikuwa umekaza, na macho yake yalikuwa yameelekea pembeni, kwenye ukuta usiokuwa na kitu.

"Kuna joto humu," alisema. Akatoka nayo kibarazani.

Mama Pacha alibaki ameshika kijiko. Joto lile alilijua. Hakuna mtu katika mtaa ule aliyelijua kuliko yeye. Alikuwa na mambo matano zaidi ya kusema, na duniani kote alikuwepo mtu mmoja tu ambaye angeyaelewa. Mtu huyo alikuwa ameketi nje, ameupa mlango mgongo, na hakuwa anakula.